Mikono ya Mlima Mkongojo

Mdomo wangu haujui kupumzika, na kila mtu hapa analijua hilo. Ukitaka jambo lifike Makambako kabla ya jua kuchomoza, mwambie Conjesta wa chai, halafu mwombe asimwambie mtu. Lakini kuna jambo moja nililibana kifuani hadi likanipa kiungulia, nalo lilikuwa la Devota. Sasa naweza kulisema. Kaa hapo kwenye benchi, shika kikombe chako, na usinikatize.

Nauza chai na maandazi mbele ya kituo cha kupokelea maziwa, juu kabisa ya mlima tunaouita Mkongojo. Chini kuna bonde, mashamba ya viazi na mipaina iliyosimama kimya. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ukungu hulijaza bonde lote, na mimi huwasikia watu kabla sijawaona. Kwanza pumzi. Halafu madumu yakigongana, viatu vikitafuta mahali pa kukanyaga. Kisha kinatokea kichwa, usukani wa baiskeli unafuata, na mtu mzima anatoka kwenye ule weupe akiwa amelowa nyusi. Nimezaliwa hapa, na bado kuna asubuhi nasahau kukanda unga kwa sababu ya kutazama tu.

Devota hakuzaliwa huku. Ni mtoto wa Manda, kule ziwani. Hilary wetu, mpasua mbao, alikwenda kufanya kazi upande wa Ludewa akarudi na mke. Masikini ya Mungu, alifika kwenye baridi hii na ndala miguuni na kitenge kimoja! Alikuwa hatoki jikoni kwa mama mkwe, anaota moto, anasimulia kwamba kwao watu huoga ziwani alfajiri huku wanacheka. Huku kwetu mtu akioga maji ya mto alfajiri tunamwombea. Lakini hakuwa mvivu. Hilary alimfundisha baiskeli, naye akachukua kazi ya kuleta maziwa kituoni, ya nyumbani kwao na ya majirani, madumu yamefungwa pande zote za keria.

Siku yake ya kwanza mlimani nilikuwa napuliza moto. Nikasikia yowe kutoka ndani ya ukungu: "Mwizi! Mwizi wa maziwa!" Nikashuka mbio na mwiko mkononi. Tukamkuta nani? Bibi Hulda! Mwanakwaya wetu wa siku nyingi, shali kichwani, ameshika keria ya Devota kwa mikono miwili, anasukuma, na yeye mwenyewe anageuka huku na huku akimtafuta huyo mwizi amsaidie Devota kumkamata. Tulicheka hadi maziwa yakamwagika. Devota alitaka ardhi ipasuke aingie.

Hakujua. Kwao hakuna milima ya namna hii. Huku ukimkuta mtu anapandisha baiskeli yenye mzigo, unaweka mkono. Huulizi ni nani. Hata kama mna kesi ya mpaka wa shamba, hata kama jana alikutukana sokoni, unaweka mkono na kusukuma hadi juu, kisha unarudi kwenye shughuli zako, na wala hasemi asante. Bibi Hulda alimfuta machozi ya aibu kwa ncha ya shali, akamwambia, "Mkongojo haupandwi peke yako, mwanangu. Siku ukinikuta mimi, nisukume." Tangu siku hiyo Devota akawa na mkono mwepesi kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Kuna watu waliupanda mlima huu miaka na miaka bila kujua kwamba mkono uliokuwa nyuma yao ulikuwa wa yule mgeni wa Manda.

Siku moja alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe, kikombe kimemfukia uso. Akaniambia, "Dada Conjesta, nina ndoto inajirudia."

"Ndoto gani?"

"Naendesha baiskeli haina mzigo. Haina dumu, haina gunia, hata keria yenyewe haina. Njia inateremka tu, haiishi, na watu wamesimama pembeni wananitazama. Basi."

Nikamwambia apunguze ugali wa usiku. Lakini niliyaona macho yake, nikanyamaza, na mimi kunyamaza si jambo dogo. Baadaye Hilary naye akaja kulalamika kwamba mkewe anapiga pedeli usingizini na mateke yote yanamwishia yeye.

Sasa huko Makambako kuna Remmy, muuza spea za baiskeli. Ana spika kubwa kuliko duka lake. Akiiwasha, mtu wa Wanging'ombe anajua bei ya tairi, na sisi wa juu huku tunazima redio maana hazisikiki. Huyo Remmy alianzisha mbio za baiskeli za milimani, kutoka Njombe mjini kupitia njia za mashambani, kuupanda Mkongojo, hadi uwanja wa mpira Makambako. Devota aliingia na baiskeli ya maziwa, akawashinda wanawake wote, akapewa jogoo. Mwaka uliofuata akashinda tena, akapewa ndoo. Akaishika ile ndoo, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Mshindi anakwenda wapi?"

Remmy akasema, "Anakwenda nyumbani."

Maana mbio zile hazikuwa na kibali. Kumbe mbio za taifa haziendewi kwa kuamka tu na kupanda basi! Lazima ufuzu kwenye mbio za mkoa wako, na mbio zenyewe ziwe zimetambuliwa na chama cha baiskeli. Na chama hakitambui mpaka njia ikaguliwe na kuwekwa alama, muuguzi awepo, kila mwendeshaji awe na kadi na helmeti, na mwamuzi wao mwenyewe asimame aone kwa macho yake. Bila hayo hata ukipaa, umepaa bure. Remmy alihangaika na simu na safari, watu wakamcheka. Halafu asubuhi moja Devota akatokea kwenye ukungu, hata baiskeli hajaiegesha, akaninong'oneza kama mtu anayeleta habari za mtoto mchanga: "Kibali kimetoka." Nafasi zilikuwa mbili za wanawake. Mbili tu. Mashindano ya taifa yangekuwa Arusha, na Devota hakuwahi kuvuka Makambako.

Remmy akamuundia baiskeli nyepesi ya spea mchanganyiko. Haikuwa na keria. Devota aliigusa mahali ambapo keria ingekuwa, akacheka peke yake.

Mwamuzi aliyetumwa aliitwa Bi. Erica, mama mrefu, mpole, koti lake la bluu limefungwa hadi kidevuni. Siku moja kabla ya mbio aliwakusanya waendeshaji uwanjani Makambako akawasomea sheria. Usitoke kwenye njia yenye alama. Maji upewe kwenye meza ya maji tu. Ukishindwa mlima, shuka uisukume baiskeli yako mwenyewe, ruksa. "Lakini ukisukumwa na mtu mwingine yeyote, unaenguliwa." Wote wakaitikia wamesikia. Sasa niambie wewe, ni nani aliyekwenda kuusomea mlima sheria? Hakuna! Remmy na spika yake hakukumbuka. Mimi na mdomo wangu huu sikukumbuka. Kusukumwa kwetu ni kama kupumua, nani anamkataza mtu kupumua?

Siku ya mbio ukungu ulikuwa haukati. Nilikuwa hapa juu. Nikasikia pumzi, nikazitambua, ni za Devota, na nyuma yake hakuna nyingine. Anaongoza! Alikuwa ameshuka kwenye kona kali, anasukuma anakimbia. Halafu nikasikia viatu vingine, vya watu wa shamba. Nikasikia Devota anasema, "Msiniguse! Bibi, usiniguse!" na sauti ya Bibi Hulda ikijibu kwa upole, "Acha heshima zako, mwanangu, panda." Katika weupe ule hawakuona kwamba hakuna mzigo. Walisikia mtu anahema mlimani, basi mikono ikaja yenyewe. Walimfikisha juu karibu wambebe, na Bi. Erica alikuwa amesimama hapo hapo kwenye benchi hilo.

Devota alifika Makambako wa kwanza. Akaenguliwa.

Nilimfuata Bi. Erica hadi kwenye gari lake. Nilisema maneno ambayo baadaye ilibidi niyaeleze kwa mchungaji. Yeye alisubiri nimalize, akasema, "Mama, leo nikiukubali mkono wa upendo, mwakani watakuja na mikono ya kukodi." Sikuwa na jibu, ndiyo maana niliendelea kupiga kelele.

Jioni Bibi Hulda akaja kwa Devota na kuku mweusi kwapani. Akapiga magoti. Mzee kama yule! Devota akaona haya, naye akapiga magoti, wote wawili wanalia chini, na aliyebaki amesimama ni yule kuku peke yake. "Mkono wangu umekunyima safari," bibi akasema. Devota akamwapia kwamba yamekwisha. Lakini kwa Bibi Hulda hayakwisha. Kesho yake alimpita kijana mwenye gunia bila kuweka mkono. Watu wakaona. Kama Bibi Hulda ameacha, wao ni nani? Kidogo kidogo mlima ukaingiwa na woga. Mtu anamkuta mwenzake na gunia la lumbesa la viazi, anasimama, anaitazama mikono yake, anaiingiza mifukoni. Devota akijaribu kumsukuma mtu anaambiwa, "Acha, dada, usije ukaenguliwa tena." Maziwa yakaanza kuchelewa, mengine yanafika yamechacha. Asubuhi zangu zikawa za ajabu: nasikia pumzi moja moja, kila mtu na yake.

"Kuenguliwa kuliniuma siku ile," Devota aliniambia. "Hili linaniuma kila siku."

Mwaka ukazunguka, kibali kikatoka tena, nafasi ni zile zile mbili. Safari hii watu wa mlima wakajiandaa, na hapo ndipo utacheka ulie. Jumapili, baada ya mnada wa mavuno nje ya kanisa, mazao ya sadaka yameshauzwa yote, mzee wa kanisa akatangaza kwa ukali: "Jumamosi ni mbio. Mtu asiguse baiskeli. Baiskeli yoyote!" Tukaitikia amina kama wajinga.

Jumamosi wakajipanga mlimani pande zote mbili, mikono nyuma, wananyamaza. Remmy alinipa mimi meza ya maji hapa juu, na Bi. Erica akasimama pembeni yangu na koti lake. Hatukuona kitu, ukungu umefunika kila pahali. Ila niliwasikia kule chini wanavyohema na kunong'ona. Na kulikuwa na mlio mwingine, wa gurudumu linalolia, linakwenda kidogo, linasimama, linarudi nyuma. Nikauliza kwa sauti, ni nani huyo? Mtu akanijibu kutoka kwenye ukungu: "Ni Bibi Hulda na viazi vyake."

Jamani! Bibi alikuwa na gunia la kupeleka sokoni Makambako. Alitoka mapema aupite mlima kabla ya mbio, asije akamharibia Devota mara ya pili. Lakini bila mkono wa mtu alikwamia kwenye kona. Na mlima mzima umesimama kushoto na kulia, mikono nyuma, unamwangalia bibi anazeeka pale, kwa sababu tumeambiwa tusiguse baiskeli yoyote. Nikapiga kelele, "Msukumeni!" Sauti ikajibu, "Mwamuzi si yupo hapo?"

Kabla sijajibu nikasikia pumzi za Devota. Anaongoza tena. Nikahesabu moyoni: sasa yuko kwenye jiwe, sasa yuko kwenye kona, sasa anapita. Hakupita. Nikasikia baiskeli ikilazwa kwenye majani.

"Usiniguse!" Ilikuwa sauti ya Bibi Hulda, kali, ya hofu. "Utaenguliwa! Nenda zako!"

"Nimekatazwa kusukumwa, Bibi," Devota akasema. "Kusukuma sikukatazwa. Shika usukani."

Kisha gurudumu likaanza kulia tena, na safari hii halikurudi nyuma. Lilipanda. Mlima wote ulikuwa kimya hata nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye mipaina. Ikatokea shali. Ukatokea usukani, gunia, na nyuma ya gunia Devota, kichwa kimeinama, helmeti imekaa upande. Nikamgeukia Bi. Erica, nimejiandaa kupigana. Yeye akasema taratibu, "Bibi si mshindani," akaendelea kutazama ukungu.

Devota akaiegemeza baiskeli ya bibi kwenye meza yangu, akageuka, akarudi chini mbio kuchukua ya kwake. Akiwa huko, msichana mmoja wa Njombe mjini akapita mezani kwangu, akanyakua maji. Akapita wa pili, wa Ludewa. Ndipo Devota akatokea tena kwenye weupe, mara ya pili asubuhi ile, akasukuma mwenyewe hadi juu, akaruka kwenye siti bila kugusa maji, akapotea upande wa pili. Nililia wazi wazi, sina aibu kusema.

Ilikuwa kama kuna mtu amewafungua kamba wale wa mlimani. Wote wakavamia baiskeli ya Bibi Hulda, kila mtu anataka kushika kitu, gunia, keria, hata kengele. Wakaondoka naye kwenda Makambako. Mimi nikapata lifti ya gari la maziwa, nikawatangulia.

Nilimkuta Devota amekaa kwenye nyasi za uwanja. Spika ya Remmy ilikuwa inatangaza majina: wa kwanza, wa pili, halafu yeye. Wa tatu. Nikakaa pembeni yake.

"Naumia, Dada," akasema. "Sitaki kujifanya siumii. Naumia sana."

Sikumwambia kwamba Mungu ana mpango. Nilimshika tu. Punde si punde Bibi Hulda akaingia uwanjani na msafara wake, watu wanacheka, wanasukumana nyuma ya gunia moja la viazi kama harusi. Uso wa bibi ulikuwa unang'aa. Akauliza toka mbali, "Mwanangu, umefuzu?"

Devota akafuta macho. Aliitazama ile mikono yote juu ya keria. Mimi nilielewa anachofikiri: akisema ukweli, kesho mikono ile inarudi mifukoni, na safari hii haitoki.

"Nimefuzu, Bibi," akasema, huku ananifinya mkono hadi nikaona nyota.

Basi hapo ndipo kiungulia changu kilipoanzia. Siku za mashindano ya taifa zilipofika, ilibidi Devota asionekane mlimani. Akaiweka baiskeli juu ya basi, akaenda kwa mama yake Manda. Huku mlimani, sisi wawili na Hilary tu ndio tuliojua. Kila mtu aliyekunywa chai hapa aliniuliza, "Devota anaendeleaje huko Arusha?" nami nikajibu, "Vizuri," nikajimwagia maji ya moto kwa hofu.

Aliporudi alinisimulia. Alishuka kwenye basi vilimani kabla ya Manda, akaachia breki. Njia ikateremka, ikateremka, ziwa limelala chini kama mbingu nyingine, na upepo wa joto unampiga usoni. Watoto wakamkimbilia pembeni. Wavuvi wakaacha nyavu wakamtazama anavyopita ufukweni, hana dumu, hana gunia, hana keria.

"Ndiyo ile ndoto yako?" nikamuuliza.

"Ndiyo yenyewe. Ila nilikuwa nageuka nyuma kila mara, Dada. Sijui nilikuwa namtafuta nani."

Asubuhi iliyofuata alirudi kwenye maziwa. Mimi nilikuwa napuliza moto, ukungu umetanda, nikasikia pumzi mbili zinapanda pamoja. Nikaacha moto.

"Haya, niambie," ilikuwa sauti ya Bibi Hulda, nyuma ya keria. "Arusha kukoje?"

"Kuzuri, Bibi. Kuna maji mengi. Watu walinishangilia."

"Na dagaa wa usipa uliotuletea jana, nao ni wa Arusha? Mbona wananukia Ziwa Nyasa?"

Madumu yaligongana, viatu vikaendelea kupanda. Nilikuwa nimeshika mwiko hewani.

"Wa tatu si haba, mwanangu," Bibi Hulda akasema. "Spika ya Remmy ilitukuta njiani siku ile. Mimi ni mzee, si kiziwi. Mlima wote tulisikia."

Niliposhuka hatua chache nilimwona Devota akisimama pale pale kwenye kona, palipo pakali kuliko pote, akaachia usukani, akajifunika uso kwa viganja. Na baiskeli yenye madumu yote yale haikurudi nyuma hata kidogo.

"Haya, twende," bibi akasema. "Maziwa yatachacha."